Begi Langu Lilivyoshuka Mlima Peke Yake

Najua mmeshaiona ile video yangu ya kwenye lifti ya mlimani. Shoga yangu ameirusha kwenye grupu kabla hata sijatoa theluji masikioni, akaiwekea na maneno: "Mwenzenu kaanikwa." Tangu hapo simu yangu haijapumzika. Sasa kwa kuwa yeye kasema yake, tena video yenyewe kaikata palepale nilipoanza kupata heshima, ngojeni na mimi niseme yangu. Na wewe uliyeandika "pole sana dada" halafu ukafuatisha vicheko mstari mzima, nimekuona.

Ugomvi huu haukuanzia mlimani. Ulianza tulipokuwa tunapanga safari ya skii, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji kwa mbao ndefu za miguuni. Shoga yangu ni mtu wa kituo kimoja: anafika, anatundika nguo kabatini, anajua njia ya kwenda kula na ya kurudi kulala, basi. Kila siku anateleza mteremko uleule mpaka wahudumu wa lifti za kupandisha watu mlimani wamjue kwa jina. Mimi siwezi. Nikishasafiri mbali kiasi hicho nataka nione kila kitu, na huku kwenye milima ya Dolomites, kaskazini mwa Italia, kuona vingi kunawezekana kabisa. Pasi moja ya lifti, ya Dolomiti Superski, inaingia maeneo 12 ya skii, kama kilomita 1,200 za njia za kuteleza. Umelipia 12, unang'ang'ania moja, kwa sababu gani?

"Ndiyo maana wanauza pasi ya bonde moja," akanijibu, "tena kwa bei ya chini."

Kisha akatoa hoja ambayo, sikatai, ilinisumbua. Kuna mzunguko huku unaitwa Sellaronda. Unauzunguka mlima wa Sella ukiwa na skii miguuni, kama kilomita 40 ukihesabu na lifti, unapita mabonde manne, yenye vijiji vya Corvara, Arabba, Canazei na Selva. Vibao vya rangi ya chungwa vinakupeleka kwa mwendo wa saa, vya kijani vinakupeleka kinyume. Ni kazi ya siku moja. "Sasa si unaona?" akasema. "Unalala Corvara, unayaona mabonde yote manne, jioni uko kitandani kwako. Hilo begi la nini?"

Nikamwambia bonde halijulikani mchana. Mchana ni foleni na lifti, kila mahali sawa. Bonde ni jioni: taa zikiwaka, kengele ya kanisa ikigonga, watu wakitoka kula. Hujalala mahali, hujafika. Maneno yalinitoka vizuri mpaka mwenyewe nikajisikia. Nikakata vyumba vyangu: Corvara, kisha Canazei, kisha Selva. Yeye Corvara tu, mwanzo mpaka mwisho.

Pale hotelini Corvara waliniambia ipo teksi ya kuhamisha mizigo: begi linapelekwa kwenye hoteli ya usiku unaofuata, wewe unateleza mikono mitupu. Nikauliza bei. Nikacheka kidogo, ile ya adabu. Nikasema nitabeba mwenyewe, mgongoni.

Naomba mjue kilichokuwamo, kwa sababu kwenye grupu mmeandika uzushi. Nguo za kulalia, viatu vya kawaida, nguo ya jioni, chaja, na mashine ya kukaushia nywele. Mawe hayakuwamo.

"Hoteli zote zina mashine ya nywele," shoga akasema.

"Nywele zangu wanazijua?"

Wenyeji wanashauri anayezunguka Sellaronda aanze kabla ya saa nne asubuhi, na ikifika saa tisa na nusu alasiri awe ameshavuka njia ya mwisho ya mlimani, maana baada ya hapo lifti zinafungwa na hazimsubiri mtu. Saa nne ilinikuta bado nimelikalia begi ili zipu ifunge.

Tukaondoka kwa njia ya chungwa. Jamani, kuteleza na begi zito kuna siri ambayo hakuna anayekuambia. Skii zinakutii ukiwa umeegemea mbele, miundi ya miguu ikikandamiza ulimi wa buti. Begi kazi yake ni kukuvuta nyuma. Ukivutwa nyuma, skii zinaondoka zenyewe, na wewe unazifuata kwa sababu zimefungwa miguuni pako. Ndivyo nilivyoteremka kuelekea Campolongo, njia ya mlimani kati ya Corvara na Arabba. Shoga alikuwa ananisubiri kila kona, hasemi kitu. Kunyamaza kwake nako kulikuwa kunasema.

Tukafika kwenye lifti ya viti. Kuna kibao pale chini, kina picha, kinasema begi livuliwe mgongoni. Nilikiona. Nikajua wanazungumza na wenye mabegi makubwa.

Sasa twende taratibu.

Kwa ambao hamjapanda: lifti ya viti ni viti vinavyoning'inia kwenye waya, na haisimami. Ikiingia kituoni inapunguza mwendo tu. Ukikaribia juu unainua ile fimbo ya kinga, unainua ncha za skii, skii zikigusa theluji unasimama, kiti kinakusukuma kidogo, unateleza kwenda pembeni. Watoto wadogo wanafanya hivyo huku wanapiga soga. Tulikuwa wanne: wageni wawili kushoto, mimi, na shoga kulia. Fimbo ikainuliwa. Ncha zikainuka. Tukasimama wote.

Mimi nikakaa tena.

Sikukaa kwa hiari. Mkanda wa kiunoni wa begi ulikuwa unaning'inia, ukajipenyeza kati ya kikalio cha kiti na kiegemeo, ukanasa. Niliposimama ukakaza, ukanirudisha. Nikajaribu mara nyingine kwa nguvu zaidi, ukanirudisha kwa nguvu zaidi. Wale wageni wameshafika pembeni. Shoga ameshafika pembeni na ameshageuka. Mimi nipo kitini na kiti kinaendelea na safari yake, maana mahali pale kuna gurudumu kubwa na kazi ya kiti ni kulizunguka kisha kurudi chini kuchukua watu wengine.

Theluji ikaanza kuniacha. Kwanza kwenye visigino, halafu kwenye ncha. Nikawa hewani, makalio nusu kitini, begi limenishika kwapani, miguu miwili na skii mbili zinachora duara. Nikamwona shoga anatia mkono mfukoni. Nikasema moyoni, huyu anatafuta namba ya dharura. Alikuwa anatafuta kamera.

Kwa bahati nzuri, baada ya sehemu ya kushukia wameweka kizuizi chembamba cha kumnasa mtu aliyepitiliza: ukikigusa, lifti inajizima. Nilikigusa. Nilikigusa kwa skii zote mbili, fimbo moja ya mkononi na sauti. Lifti nzima ikasimama, na king'ora kikalia ili asiyejua ajue.

Halafu kimya. Kimya kile, wapendwa, sitakisahau. Nyuma yangu kuna mstari wa viti umesimama angani mpaka chini kabisa, vinabembea na upepo, kila kiti kina watu wanne wenye baridi, na wote wana swali moja. Mtoto mmoja kwenye kiti cha karibu akauliza kitu. Mama yake akamjibu kwa kuninyooshea kidole.

Mhudumu akatoka kibandani bila haraka yoyote. Akanisemesha Kijerumani. Nikasema ndiyo. Akanisemesha Kiitaliano. Nikasema ndiyo. Akanisemesha lugha ya tatu, nadhani Kiladini, lugha ya wenyeji wa mabonde haya. Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akaona hapa mazungumzo hayapo, akashika vifungo vya begi. Akafungua cha kifuani. Akalegeza vya mabegani. Nikachomoka, nikatua kwa makalio. Urefu wenyewe haufiki kiuno cha mtu mzima. Kwenye video panaonekana ghorofa ya tatu kwa sababu mpiga picha alikuwa ameinama anacheka.

Video inaishia hapo. Sasa sikilizeni alichowaficha.

Mhudumu alinishika kwapa, akaniburuta pembeni, akamwonyesha mwenzake dole gumba. Mwenzake akaiwasha lifti. Mimi na yule baba mhudumu tukageuka kwa pamoja, tumechelewa kwa pamoja. Begi langu lilikuwa bado kitini. Limekaa katikati, wima, mkanda unapunga. Likazunguka gurudumu vizuri kuliko mimi, likashika njia ya kurudi chini. Waliokuwa wanapanda wakapishana nalo. Kuna waliolipungia mkono.

Basi nikalifuata. Na hapa ndipo nadai haki yangu: bila lile begi niliteleza kwa namna ambayo hakuna aliyeirekodi. Kona safi, kifua mbele, sikuanguka hata kidogo. Shoga alikuwa juu, anatuma video.

Mhudumu wa chini alinikabidhi begi kwa mikono miwili, kisha akanionyesha kibao. Akanionyesha tena. Nikapanda nikiwa nimelipakata, mwenyewe katikati ya kiti cha watu wanne, kwa sababu wengine waliona heri wasubiri kinachofuata. Kumbe huko juu walishapigiwa simu. Nilipokaribia, wakaisimamisha lifti kwa ajili yangu tu, na yule baba alikuwa amesimama mikono miwili wazi, tayari kudaka. Sijui alipanga kudaka kipi.

Yaliyobaki ni mafupi. Tulifika Arabba, lifti za kwenda Pordoi, njia ya mlimani inayofuata, zimefungwa. Shoga, mtu wa kituo kimoja, akavuka Campolongo kwa barabara, njia fupi, akaenda kuoga. Chumba changu kilikuwa Canazei, ng'ambo ya Pordoi, mita 2,239 juu ya bahari, kona 33 za kupanda kutokea Arabba na nyingine za kushuka. Dereva wa teksi aliniangalia, akaliangalia begi, akataja bei. Sikucheka ile ya adabu. Nilikaa kiti cha nyuma na mabuti ya skii miguuni, kwa sababu viatu vilikuwa chini kabisa ya begi, chini ya mashine ya nywele. Canazei ya jioni, ile niliyoihubiria, niliipitia usiku kupitia dirisha lenye ukungu. Iko vizuri. Ina taa.

Bafuni humu kuna mashine ya kukaushia nywele, imefungwa ukutani. Ina nguvu kuliko yangu. Msimwambie.

Kwa hiyo hapana, wale mnaouliza kama sasa nitatulia kituo kimoja: kesho naelekea Selva kama nilivyopanga. Begi linakwenda kwa teksi, nimeshalipa. Na shoga yangu, asiyehama, ameniandikia sasa hivi kwamba anavuka njia ya mlimani ya Gardena kwa vibao vya kijani, tukutane Selva mchana, eti amenikumbuka. Akaongeza kwamba simu yake ameichaji mpaka imejaa.