Tozo ibaki, ila makalavati yazibuliwe

Ndugu mwandishi, umependekeza tozo ya barabara kwenye mafuta ipunguzwe ili nauli zishuke. Mimi naomba ibaki. Fedha ile inaingia Mfuko wa Barabara, na karibu yote, asilimia 90, ni ya matengenezo. Barabara mpya ya Bagamoyo hadi Tanga kupitia Pangani ina fungu lake, sehemu yake ni mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika.

Kinachoniuma ni barabara za ndani. Mwaka 2021 tuliongezewa tozo ya shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Hata mvuvi wa Sahare anayetia petroli kwenye mashine ya boti anachangia, tena hajalalamika. Halafu masika yakipiga, machungwa ya Muheza yanakwama shambani kwa sababu kalavati moja la kupitisha maji chini ya barabara limeziba na fuso haipiti! Kuzibua ni kazi ya majembe na makoleo. Likiachwa, maji yanakula tuta zima na gharama inakuwa ya greda na malori ya kifusi. TARURA wabandike kwenye ofisi za kata kiasi kilichotolewa, na makalavati yazibuliwe kabla ya Machi.