Baba Mdogo Aligawa Bumu Kabla Halijatoka

Ushauri wa bure kwa yeyote anayesubiri majibu ya mkopo wa chuo, ule ambao hela yake ya kujikimu wanachuo wanaiita bumu: usifungulie akaunti yako steshenari. Mwenye steshenari ana tabia ya kusoma kwa sauti, na kwenye benchi la nyuma hakukosi mtu wa kijijini kwenu.

Bodi ya Mikopo ilikuwa imetoa awamu ya pili. Ya kwanza nilitoka patupu, nikashinda kitandani nimejifunika shuka hadi Bibi akauliza kama ni malaria. Safari hii tulipanda bodaboda mpaka Kiomboi mjini, mimi na Baba Mdogo. Sikumwalika. Alisema yeye ndiye aliyesimama badala ya marehemu kaka yake, kwa hiyo habari nzito namna hii haisikilizwi kwa simu.

Kijana wa steshenari akaingiza namba yangu ya mtihani wa kidato cha nne, akaweka neno la siri ambalo alilijua kuliko mimi, maana ndiye aliyenijazia maombi yote. Ukurasa ukazunguka weee. Kisha akapaza sauti: "Milioni tatu, laki tatu na themanini elfu! Hongera dogo!"

Hapo alitakiwa aendelee kusoma. Chini ya jumla kulikuwa na mchanganuo: chakula na malazi 2,400,000, vitabu na viandikwa 200,000, ada 780,000. Habari yote iko kwenye mchanganuo, jumla ni ya kukufurahisha tu. Lakini Baba Mdogo alishatoka nje, simu sikioni, mkono mmoja umeshika kiuno.

Tulifika nyumbani tukakuta habari imetutangulia, tena imenenepa njiani. Kwa Shangazi ilikuwa bado milioni tatu. Kwa Mama Mkubwa wa Manyoni ilifika "milioni tatu kwa mwezi". Mwenyekiti wa kijiji aliisikia kwenye kilabu cha pombe, akaja mwenyewe kuhakiki, na kwa kuwa kuku alishachinjwa, uhakiki ukachukua muda.

Jioni kikao kikakaa. Baba Mdogo akafungua daftari. Kwanza, bati za nyumba ya Bibi, maana ni aibu mwenye mjukuu chuo kikuu kulala chini ya nyasi. Pili, ng'ombe wawili wa kulimia. Tatu, deni la mbegu za alizeti. Nne, kianzio cha pikipiki ya binamu yangu, ambaye hakuwa na leseni ila alikuwa na helmeti. Bibi peke yake aliomba kitu kidogo: betri za redio. Mwisho wa ukurasa nikaona jina langu. Nimebakiziwa nauli ya Dodoma na hela ya sabuni.

Nikanyosha mkono. "Baba Mdogo, huu ni mkopo."

"Najua. Mkopo wa serikali." Neno serikali alilitamka kama mtu anayemtaja mjomba tajiri asiye na watoto.

Ikabidi nieleze polepole. Ile ada haipiti mkononi mwangu, inakwenda chuoni moja kwa moja. Hela ya chakula na malazi ni elfu kumi kwa siku: humo kuna kitanda, chai, ugali wa mchana, wa usiku, na vocha. Nayo haiji kwa mkupuo. Inatoka kila baada ya miezi miwili hivi, kama laki sita, tena mpaka usaini. Ndilo hilo bumu lenyewe, na kuna wanachuo wanaopiga pasi ndefu, yaani kuruka milo, wiki ya mwisho wakilisubiri.

"Kwa hiyo kwa mwezi ni laki tatu," akasema Baba Mdogo, bado ana matumaini. Akakata ng'ombe mmoja kwenye daftari.

"Na ada ya kozi yangu ni 1,300,000. Wamenipa 780,000."

Shangazi huuza mafuta ya alizeti mnadani, hesabu hazimpigi chenga. Yeye ndiye aliyefika wa kwanza. "Hiyo laki tano na ishirini inayobaki analipa nani?"

Wajumbe wote wakatazama juu, kwenye nyasi ambazo daftarini zilishakuwa bati. Nikaona hali ikishaharibika imeharibika, nikaongeza na bima ya afya, 50,400, pamoja na michango mingine ya usajili.

Katikati ya ukimya huo akapita Mwalimu wa Hesabu wa sekondari ya kata, mpangaji wetu wa chumba cha uani, ndoo mkononi. Baba Mdogo akamwita amtetee. "Mwalimu, wewe ni msomi. Mwambie huyu mtoto kwamba hela ya serikali hairudishwi."

Mwalimu hakujibu. Aliweka ndoo chini, akaingia chumbani, akarudi na salari slipu yake. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Huu ni mkopo wangu wa chuo. Asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kila mwezi, inakatwa kabla sijaiona. Na hapa nina afadhali. Kulikuwa na asilimia 6 ya kutunza thamani, nayo ilifutwa mwaka 2021."

Bibi akampa pole na paja la kuku.

"Na asiyelipa?" akauliza Baba Mdogo.

"Anatafutwa."

"Asipoonekana?"

"Anaulizwa mdhamini wake."

"Mdhamini ndiyo nani sasa?"

Sikusema kitu. Nilikwenda kuchukua faili yangu, nikatoa nakala ya fomu, nikaifungua kwenye ukurasa wenyewe. Picha ya pasipoti, mandhari ya bluu, Baba Mdogo ndani ya koti la marehemu baba, tai ya kuazima, kidevu juu. Nakala ya kitambulisho cha NIDA. Sahihi pana yenye mikia mitatu. Picha hiyohiyo, iliyobaki kwenye zile nne, alikuwa ameitia fremu na ilikuwa inatutazama kutoka ukutani tangu kikao kianze.

Akaisoma fomu, safari hii kwa miwani. "Mimi nilijua nasaini kama shahidi."

"Uliambiwa mdhamini, Shemeji," akasema Mama, neno lake la kwanza jioni nzima.

Baba Mdogo akamgeukia Mwenyekiti wa kijiji. "Mheshimiwa, muhuri wako si huu hapa? Hauwezi kufutika?"

Mwenyekiti akafuta mafuta midomoni. "Muhuri wa kijiji haufutiki. Na juu yake kuna wa hakimu."

Ukurasa wa daftari ukachanwa. Mpya ukaandikwa kichwa cha habari MICHANGO, kwa herufi kubwa, mstari chini. Shangazi akatoa madumu mawili ya mafuta. Mbuzi mmoja akauzwa. Binamu akaombwa auze helmeti, akakataa. Mama Mkubwa wa Manyoni alipigiwa simu na mtandao wake ukawa mbovu ghafla. Hela haikutimia, ila chuo kinapokea ada kwa awamu, basi nikaingia na ya muhula wa kwanza.

Tangu siku hiyo hakuna mtu nchini anayeijali elimu yangu kuliko Baba Mdogo. Nipo mwaka wa kwanza, na kila tangazo la ajira za ualimu ananitumia. Juzi amepiga saa sita usiku.

"Uko wapi?"

"Nimelala, Baba Mdogo."

"Unalala, na mtihani uko mwezi ujao?" Nikamsikia akishusha sauti, Bibi asisikie. "Sasa sikiliza. Ukiona dalili za sapu, hiyo mitihani ya kurudia, niambie mapema, nijue nahamia wapi."