Nyumba ya zamani Lamu: ukate bei moja au mlipane kwa siku?

Majuzi hapa Langoni mafundi wawili wamebishana barazani mpaka adhana ya magharibi, mmoja asema kontrakta mwenye akili anakata bei moja ya nyumba nzima, mwenzake asema kwa nyumba za mji huu ni lazima mlipane kwa siku. Wote nimewaelewa, lakini hoja zao hazina uzito sawa.

Bei moja ina raha yake. Wenye nyumba wengi hawakai Lamu, yuko Mombasa, Nairobi ama Ulaya huko, anataka kujua pesa zote ni ngapi na funguo atapewa lini. Ukimwambia kwa siku anaona kazi itavutwa makusudi mpaka mfuko wake ukauke, na ukweli ni kwamba wako wanaovuta. Afu ukikata bei ukamaliza mapema ile tofauti ni yako. Kwa nyumba ya matofali ya simenti kule Wiyoni mimi nakata bei sina wasiwasi.

Nyumba ya mawe ya matumbawe ni kitu chengine. Ukuta ni mnene, hujui ndani kuna nini mpaka uubambue, na mara nyingi kuna mtu alishapiga plasta ya simenti juu ya chokaa. Chokaa inapumua, simenti haipumui, kwa hivyo unyevu na chumvi vinabaki ndani vinakula jiwe polepole na vichwa vya boriti, ile miti ya mikoko inayobeba dari, vilivyoingia ukutani vinaoza, na kwa nje huoni kitu. Na boriti nazo bei haitulii, 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji miti mpaka mikoko ikaguswa, sasa mtu alikuwa ameshakata bei yake afanyeje? Huwezi kugeuza tu ukaweka zege, mji huu uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, ukitaka kubadilisha kitu inabidi uwaone watu wa Makumbusho kwanza. Tena kila mfuko unapanda mashua kutoka Mokowe kule bara afu unapanda punda, na kila mkono unataka chake.

Mimi niliwahi kukata bei ya dari ya vyumba viwili Mkomani, nikahesabu boriti 4 mbovu, tulipofungua zikawa 11. Nilimaliza kwa pesa zangu na vibarua wakangoja malipo yao, mpaka leo inaniuma manake wale wana watoto. Na hilo ndilo linalonitia hofu na bei moja, maana fundi akibanwa ana njia mbili tu, ale hasara ama afunike mti uliooza kwa plasta safi, na yule atakayelala chini ya dari hiyo hajui.

Siku hizi nalipwa kwa siku ile kazi ya kubambua peke yake, siku 3 mpaka 5, napiga picha namtumia mwenye nyumba WhatsApp, twahesabu pamoja, hapo ndio nakata bei ya kazi nzima, isipokuwa boriti, hizo ni bei ya kila moja kadri zitakavyotoka. Wengine wanakataa, hawaoni kwa nini walipie kubomoa, na wawili walishaenda kwa fundi aliyewapa bei moja siku hiyohiyo. Inauma, hasa wakati wa kusi kazi zikiwa chache, lakini vibarua wangu wanalipwa kila Alhamisi jioni.