Bilauri nane za nani?

Baada ya alasiri, muuza kahawa akishapita akigonganisha vikombe vyake, baraza letu hapa Kibokoni, Mombasa, hugeuka kliniki. Daktari hayupo, ila dawa zimejaa tele. Juma lililopita ami yangu alinigeukia mbele ya watu: "Wewe ndiye uliyesoma. Hebu twambie, mtu anywe maji bilauri ngapi kwa siku?"

Nikamwambia inategemea.

Akawageukia wenzake. "Mwaona? Karo yote ile, jibu ni inategemea."

Nilicheka nao, lakini neno lile lilinikaa. Tunataka sayansi itutolee hukumu kama kadhi, nayo kila ikiulizwa hurudisha swali: nani, wapi, kiasi gani? Tukichoka kungoja, tunamfuata yeyote aliye na namba mkononi.

Hizo bilauri nane za maji tunazoambiwa tunywe kila siku, kwa mfano. Wengi wanaofuatilia asili yake huishia mwaka 1945, bodi ya lishe ya Marekani ilipoandika kuwa mtu mzima anahitaji kama lita mbili na nusu za maji kwa siku. Sentensi nyingine papo hapo ilisema sehemu kubwa ya maji hayo tayari imo ndani ya chakula. Sentensi ya kwanza ikapanda meli ikazunguka dunia, ya pili ikabaki bandarini. Sasa mchukue kijana anayesukuma mkokoteni wa mitungi ya maji mchana wa Februari, shati limemganda mgongoni, umweke pamoja na karani aliyeketi Nyali chini ya kiyoyozi. Uwape bilauri sawasawa? Mwenye afya na asiye na kazi ya jua, kiu yake inamtosha kumwongoza, na rangi ya mkojo itamwambia lililobaki. Mzee ni habari nyingine, maana kiu hufifia na umri, na mwili unaweza kupungukiwa maji wala mwenyewe hana hamu ya kunywa. Ami ameshapita sabini. Kwake yeye jibu ni anywe hata kabla ya kuhisi kiu. Ndiyo ile "inategemea" niliyochekewa.

(Na kahawa? Aliyeizoea haimkaushi kama tunavyoambiana. Maji yaliyomo ndani yake yanahesabika.)

Dada yangu naye ameshikwa na hatua elfu kumi. Alfajiri yuko kando ya bahari, bustani ya Mama Ngina, simu mkononi, na jioni ikimwonyesha 8,600 utamkuta anazunguka meza ya sebuleni kama anayetafuta pete. Namba ile haikutoka maabara. Mwaka 1965 huko Japani kilianza kuuzwa kifaa cha kuhesabia hatua, na jina lake, manpo-kei, maana yake ni kipima hatua elfu kumi. Lilikuwa jina zuri la biashara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu wanawake wa Marekani wenye umri wa wastani wa miaka 72 uliona kuwa waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikufa kwa uchache kuliko wa hatua 2,700, na faida ikaacha kuongezeka zilipofika kama 7,500. Hata hapo sharti uulize: je, kutembea ndiko kulikowaweka hai, au wale wa hatua chache walikuwa tayari wagonjwa, miguu haiwabebi? Watafiti walijaribu kulitenganisha hilo, lakini si jambo linalotengana lote. Nilimweleza dada. Amepunguza kuizunguka meza.

Kuhusu lile la kuwa maji baridi hugandisha mafuta tumboni, sina mengi ya kusema. Tumbo lina joto la nyuzi 37 au karibu, na barafu haikai humo. Ndimu na maji moto asubuhi ni kinywaji kizuri, basi.

Mwarobaini ndio unaonipa kazi. Bibi yangu alikuwa akiuchemsha kwenye sufuria nyeusi, sisi wajukuu tunajificha nyuma ya mlango, na siwapendi wasomi wanaomcheka bibi. Dawa ya malaria tunayopewa leo zahanati ilitoka kwenye majani. Mchina Tu Youyou alipekua maandiko ya tiba ya kale, akakuta maelekezo ya karne ya nne: chukua konzi ya mmea uitwao qinghao, loweka kwenye maji, kamua, kunywa. Hayakusema uchemshe! Akahisi kuwa moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa, akaitoa kwa etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, akaijaribu kwa panya na nyani, kisha akainywa yeye na wenzake kabla ya kumpa mgonjwa. Tuzo ya Nobel alipata mwaka 2015. Kwa hiyo sayansi haikumdharau mzee wa kale, ilimsikiliza kuliko tunavyomsikiliza sisi. Ikamuuliza asiloulizwa bibi: majani mangapi, kwa muda gani, na mtoto wa kilo kumi apewe nusu au robo? Sufuria haijibu hayo, na mafuta ya mwarobaini yamewahi kudhuru watoto wachanga walionyweshwa.

Wako wanaosema tafiti zote ni za Wazungu, hazituhusu. Hapo wamekosea, tena si kwa umbali. Katika miaka ya 1990, Kilifi hapo juu tu, watafiti waligawa vyandarua vyenye dawa katika baadhi ya vijiji na vingine vikangojea, kisha wakahesabu. Vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa karibu theluthi moja, matokeo yakachapishwa mwaka 1996. Swali lilikuwa letu, mbu wetu, watoto wetu. Nataka zaidi ya namna hiyo. Nataka mtu ampime yule kijana wa mkokoteni Februari ile ile, aniambie figo zake zinasemaje baada ya miaka kumi. Hilo barazani halijawahi kuulizwa.

Wala chumvi haiulizwi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu tano kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na humo mna ya mchuzi, ya mkate, ya papa mkavu na ya achari. Tunabishana kuhusu ndimu ilhali papa yumo chunguni.

Juzi nikaja barazani na mashine ya presha. Ami akanyoosha mkono kwa dharau, ikaandika 158 kwa 94. Akaitazama muda mrefu.

"Mashine yako hii haikosei?"

Nikamwambia hukosea, ami, na hilo ndilo swali bora lililowahi kuulizwa hapa. Kipimo kimoja hakitoshi. Keti, egemeza mgongo, usizungumze, mkono ulale usawa wa moyo, na usiwe umekunywa kahawa nusu saa kabla. Kisha tupime tena, na kesho tena, na juma lijalo, na zikibaki juu tumwone daktari.

Akatazama kikombe kilichokuwa mkononi mwake, bado kina moshi. Akakiweka chini. Muuza kahawa alipozunguka mara ya pili, ami alimpungia mkono apite, tukakaa kimya, mashine gotini pangu, tukingojea nusu saa iishe.