Andiko lako linaingia kikaoni peke yake

Wakufunzi wenzangu wa kujitegemea, hebu tuseme ukweli, maandiko yetu mengi ya kuombea kazi za mafunzo mahotelini tunaandika kama vile msomaji ni yule dada wa utumishi aliyetupokea vizuri, akatupa chai, akasema "basi tuletee proposali". Sasa yule dada hana saini. Saini anayo meneja mkuu, na mara nyengine hata yeye hana, iko kwa mwenye hoteli ambae yuko zake Milan au Nairobi, hajakuona, hajui unavyowachangamsha watu darasani, anachokiona ni PDF kwenye simu tu. Kwa hiyo mie nasema kazi ya andiko sio kukutambulisha wewe, kazi yake ni kumpa yule dada maneno ya kukutetea wakati wewe haupo.

Ndo mana huwa naudhika nikiona andiko linaanza na kurasa mbili za wasifu, skuli gani, vyeti gani, dira yangu, dhamira yangu. Nani kakuuliza? Hayo yapeleke mwisho, nusu ukurasa yanatosha. Ukurasa wa mwanzo uwe wao, na uwe wao kweli, sio "katika dunia ya leo yenye ushindani mkubwa", maana sentensi hiyo unaweza kumpelekea mtu wa hoteli ya Nungwi, wa hoteli ya Paje na wa benki ya mjini bila kubadilisha hata herufi.

Chukua hili la bima. Tangu Oktoba 1, 2024 mgeni anaekuja Zanzibar kutoka nje ya nchi anatakiwa awe na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Haya, mgeni kafika mapokezi kanuna, anasema mbona mie nina bima ya kwetu na bado nimelipishwa, na kijana hajui ajibu nini anabaki kuchekacheka. Andiko moja linasema "mafunzo ya huduma bora kwa mteja, siku mbili". Jengine linasema "vijana wenu wa mapokezi waweze kujibu suala la bima, umeme kukatika na chumba kuchelewa, kwa Kiingereza na Kitaliano cha kutosha, bila ya kumwita meneja". Unadhani lipi litapita?

Na kuyajua hayo wala sio uganga. Maoni ya wageni wao yako wazi Tripadvisor na Booking.com, kaa uyasome ya miezi kadhaa, khasa ya nyota tatu, kwa sababu wa nyota moja ana hasira zake na wa nyota tano yuko fungate haoni kitu, wa nyota tatu ndo anakwambia kilichomkera. Lakini usije ukayabandika mle kama yalivyo na majina ya wafanyakazi, andiko linatembea, utamuaibisha meneja mbele ya bosi wake halafu utegemee akupe kazi? Andika tu "wageni wanalalamikia kusubiri mapokezi", mwenyewe atajua.

Kwenye matokeo hapo ndo tunapoanguka wengi. Donald Kirkpatrick, Mmarekani, toka 1959 alishasema mafunzo yanapimwa ngazi nne: washiriki wameyapenda vipi, wamejifunza nini, kazini wanafanya nini tofauti, na biashara imepata nini. Sisi tunaishia ya kwanza, dodoso la mwisho wa siku ambalo kila mtu anaandika "mafunzo mazuri, chakula kiongezwe". Mwenye pesa anataka ya tatu na ya nne. Basi andika kuwa utarudi baada ya mwezi usimame pale mapokezi uangalie, na siku hiyo iwemo kwenye bei. Ila usimuahidi kuwa mauzo yatapanda asilimia 30, umeitoa wapi hiyo?

Ratiba nayo inasomwa. Ukimwandikia mtu wa hoteli ya pwani mafunzo Disemba anajua huijui kazi yake. Aprili na Mei, masika, ndo pana nafasi, ila baadhi ya hoteli zinafunga kabisa na watu wanakwenda makwao, kwa hiyo mkubaliane mapema. Wafanyakazi wako zamu, gawa makundi mawili, na ikiwa ni Ramadhani fanya asubuhi umalize mapema.

Bei jamani tusione haya. Iweke ukurasa wa pili, iwe jumla moja tu, na useme ndani yake mna nini, kama kuna boti ya kwenda Pemba na chai ya washiriki sema. Kodi pia: VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kwetu Zanzibar ni asilimia 15, Bara 18, sasa ukinakili andiko la rafiki yako wa Dar ukaacha 18 mhasibu anaiona hapo hapo, na kama hujasajiliwa VAT usiiweke kabisa. Ile asilimia 5 ya kodi ya zuio, anayoikata mteja kwenye malipo yako, nayo ihesabu kabla, usije kushangaa pesa imepungua. Wakisema ghali, punguza kazi usipunguze bei tu, toa kundi moja au toa siku ya ufuatiliaji, maana ukishusha bei hivi hivi bosi atajiuliza ile ya mwanzo ilikuwa ya nini.

Kurasa nne zinatosha, tano kama una jambo. Na faili lenyewe usiliite "proposali mpya ya mwisho 2", lipe jina la hoteli yao.