IST Yangu Inatafuta Bima

Hivi jamani nani kawaambia matrafiki wa Dar watembee na simu zenye chaji muda wote? Leo pale Mwenge afande hata salamu hakunipa, kaingiza kwenye simu namba ya gari langu, Toyota IST, kacheka, "mzee bima yako inaisha kesho." Kacheka! Nikasema mimi mtu mzima, mweka hazina wa mtaa, safari hii sikati bima kwa mawakala wa kwenye mwamvuli barabarani, naenda kampuni kubwa, zile za majengo ya vioo.

Getini mlinzi ananiambia parking ni ya wateja. Mimi si ndo mteja? "Mteja uliyekata au unayetaka kukata?" Nikaenda kupaki kwa muuza madafu. Ndani AC kama mochwari, nikakaa na token yangu weee, akaja kijana wa tai, "karibu mheshimiwa, tukusaidie suluhisho gani?" Nataka stika mwanangu. Akanitajia bima ya elimu, ya maisha, ya mazishi, hapo kwenye mazishi akanitazama kidogo. Tukafika kwenye bima kubwa, ile inayolipa mpaka gari lako mwenyewe: asilimia 3.5 ya thamani, gari milioni 12, hiyo laki 4 na 20, weka VAT inagonga karibu laki 5. Nikameza mate, haya, twende ukapige picha gari.

Mkwaruzo huu ulikuwepo? Umetoka nao Japani. Akaandika. Bampa limepasuka? Akaandika. Saidi mira hii mbona rangi nyingine? Akaandika, na kila anachoandika anasema "hiki hatutakilipia mheshimiwa." Nikamuuliza sasa hiyo laki 5 inakatia bima nini, honi? Akaingiza mkono akabonyeza honi. Haikulia. Akaandika.

Nikarudi kwa dada wa mwamvuli Sinza, anayesajili laini, anatoa pesa na bima anakata. Bima ndogo, ile ya kumlipa utakayemgonga, 118,000, na kule kwenye vioo bei ni hiyohiyo, meseji ya bima ikaingia kabla sijakaa. Ofisi zenu ziko wapi dada angu? "Mjini." Mjini wapi? "Mjini tu kaka, lipia kuna foleni."

Jirani yangu kagongwa na mtu mwenye bima ya vikampuni hivi, fomu ya ajali ya polisi, PF 90, anayo, ripoti ya mthamini anayo, mpaka leo anaambiwa meneja kasafiri. Safari gani hiyo, si aseme kahama nchi tujue! Shemeji yangu yeye yuko kampuni kubwa, walimlipa kweli, wakakata eksesi, ile sehemu ya hasara unayojibebea mwenyewe, wakakata uchakavu, akabaki na hela ya taa moja ya Gerezani, kwenye spea za mitumba.

Tena taa yenyewe imechorwa namba ya gari ya mtu! Fundi anasema "bosi hiyo namba tunaisaga tu." Na mimi nimelipa kuchorewa namba vioo vyote visiibwe, kumbe anayechora na anayesaga wanakaa benchi moja, wanakunywa chai pamoja kwa mama ntilie ambaye naye chapati anauza 500 halafu ukiinyanyua unawaona waliokaa upande wa pili.