Nani kasema Nicodemus imekufa?

Sensa ya mwaka 2020 ilikuta watu 14 Nicodemus, jimbo la Kansas, Marekani. Ukiwapakia wote kwenye daladala, konda bado ataendelea kuita abiria. Hakuna meya wala halmashauri ya mji. Mambo makubwa yanaamuliwa kaunti ya Graham. Basi kila anayepita huko na kamera anarudi na habari ileile: mahame. Mimi nakataa.

Mwaka 1877 dalali wa ardhi mmoja, Mzungu, W. R. Hill, aliungana na W. H. Smith, Mmarekani mweusi, wakapima mji kwenye mbuga tupu, kisha vipeperushi vikasambazwa Kentucky. Utumwa Marekani ulikuwa umefutwa miaka 12 tu kabla ya hapo. Mtu aliyekuwa mali ya mwenzake juzi anaambiwa kuna ekari 160 anaweza kuziita zake. Ungebaki?

Willianna Hickman alifika mwaka uliofuata na mumewe, mchungaji. Treni iliwashusha mji wa Ellis, surua ikaingia kambini, watoto kadhaa wakazikwa hapohapo. Waliobaki wakakata mbuga kwa dira na kwa kufuata njia za nyati. Siku moja wanaume wakapiga kelele: ile kule Nicodemus! Mama wa watu, mgonjwa, akatoa macho yote. Iko wapi, mbona siioni? Mumewe akamwonyesha moshi unafuka ardhini, hapa na pale. Watu walikuwa wanaishi kwenye mashimo waliyochimba, maana miti ya kujengea hakuna. Alisimulia mwenyewe baadaye kwamba alilia.

Wengine walioona hivyo waligeuza, na siwalaumu. Waliobaki walilima kwa majembe ya mkono, wakajenga makanisa, shule, hoteli. Kufikia 1887 walikuwa na magazeti mawili. Edward McCabe, mkazi wao, alikwishachaguliwa mwaka 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima, mtu mweusi wa kwanza Kansas kushika cheo cha ngazi hiyo.

Halafu reli. Wanakijiji walipiga kura wakope dola 16,000 kuivutia kampuni moja ije. Haikuja. Mwaka 1888 kampuni nyingine ikatandika reli ng'ambo ya mto Solomon, kilomita chache tu, na wenye maduka wakahamia kule, ukazaliwa mji wa Bogue. Anayejua stendi ikihamishwa mama ntilie wanakwenda wapi hahitaji maelezo. Ukame wa miaka ya 1930 ukaongezea, na posta ikafungwa 1953.

Hapo ndipo wasimulizi wengi wanafunga daftari. Wanasahau kwamba kila mwisho wa Julai wajukuu na vitukuu wa wale wa mashimoni wanarudi kutoka majimbo mengine. Wanapika, wanaandamana, wanasali, watoto wanaonyeshwa makaburi. Sherehe ilianza kama kumbukumbu ya Agosti 1, 1834, siku utumwa ulipofutwa kisheria katika makoloni ya Waingereza ya Karibi. (Hili linanifurahisha kila nikilifikiria: mkulima wa Kansas anachinja kwa ajili ya uhuru wa watu wa visiwani asiowajua.) Mwaka 1996 serikali kuu ikaifanya Nicodemus eneo la kihistoria la taifa. Ni heshima nzuri, ila nadhani walioiweka hai ni hao wanaorudi.

Sisi hili lisitushinde kulielewa. Muulize Mchaga mwenye duka Kariakoo miaka 30 kwao ni wapi, uone kama atakutajia Kariakoo. Desemba utamtafuta, utakuta kufuli. Kihamba chake, yaani shamba la ukoo, kule Kibosho, Kilimanjaro, kina bibi mmoja na migomba, na hakuna aliyewahi kukiita mahame.

Sensa ya Marekani huhesabu watu wanakoishi kwa kawaida ifikapo Aprili 1. Wangekwenda Nicodemus wikiendi ya mwisho ya Julai, wakute hata pa kuegesha gari ni kazi kupata.